Tano Haina wa Kuiita

Jumamosi iliyopita mwendesha bodaboda alisimama chini ya nyumba yetu hapa Dagoretti Corner, akafungua kamba ya mpira, akanishushia kiti kilichotoka kwa shangazi yangu huko Kinoo. Ni kiti cha chuma cha kukunja, cha aina ile iliyokuwa kila mahali kabla ya viti vya plastiki. Nyinyi wa rika langu mtakikumbuka: ukikikunja vibaya kinakubana kidole, na ukikikalia baada ya kupigwa na jua la saa saba unasimama mara moja. Nyuma ya mgongo wake kuna nambari 5 iliyoandikwa kwa rangi nyekundu ya mafuta. Nilikiinamia nikakinusa, mtu mzima wa umri wangu, mbele ya kijana wa watu. Rangi haikunuka tena. Kilichonuka ni turubai lililokunjwa likiwa bado bichi, na harufu hiyo ikanirudisha kwenye ua wa shangazi, mwaka ule niliodhani kwamba mimi ni mama yake.

Ngoja nieleze kwa utaratibu.

Shangazi anaitwa Gaciku. Ni dada wa pekee wa baba, na sisi tulimwita Tata, kama watoto wengi wa Kikuyu wanavyomwita shangazi. Alikodisha mahema na viti vya harusi, mazishi, ibada za shukrani na mikutano ya wazazi. Hakuolewa, hakuzaa, na sijawahi kumsikia akilalamikia lolote kati ya hayo mawili. Ua wake ulipakana na wetu, nyuma ya maduka ya barabara kuu. Alikuwa na viti mia mbili, na kila kimoja alikiandika nambari kwa mkono wake. Kiti nambari tano hakikukodishwa kwa mtu yeyote. Tata alikuwa mtoto wa tano kwao, baada ya wavulana wanne, na alisema tano ni yeye.

Kwetu majina ya watoto hayachaguliwi. Yana foleni. Binti wa kwanza huitwa jina la mama wa baba, wa pili jina la mama wa mama, wa tatu jina la dada wa baba. Mimi ndiye wa kwanza, kwa hiyo niliitwa Wairimu, jina la nyanya mzaa baba. Mdogo wangu Nduta alichukua jina la nyanya wa upande wa pili. Na kwa kuwa nilibeba jina la mama yao, baba na Tata waliniita Mama. Ulikuwa utani wa heshima, wanaufanya wengi, lakini hakuna aliyewahi kunieleza kwamba ni utani. "Mama, umekula?" "Mama, toa miguu kwa turubai yangu." Nilikuwa na miaka tisa na nililichukua jambo hilo kwa uzito wote. Kama mimi ni mama yake, basi yeye ni jukumu langu. Nilimkagua kucha. Nilimuuliza kama amesali. Asubuhi moja ya baridi nilimwambia avae sweta, naye akaenda akavaa.

Mchezo wa nambari ulianzia kazini. Kabla lori halijaja, Tata alitaka kujua viti vilivyoagizwa vitakubali safu za namna gani. Viti ishirini na vinne vinakubali karibu kila kitu. Viti ishirini na vitatu havikubali chochote ila foleni, kimoja nyuma ya kingine. Kwa hiyo mimi na Nduta tulivipanga uani kwa kila njia: kimoja kimoja, viwili viwili, vitatu vitatu, ilimradi safu zote zilingane na kisibaki kiti kinacholia peke yake. Safu moja ndefu yenye viti vyote haikuhesabiwa. Tata alisema hiyo si kupanga, hiyo ni kumwaga.

Chukua viti kumi na viwili. Vinapangika kimoja kimoja, viwili viwili, vitatu vitatu, vinne vinne, na sita sita. Siku moja Nduta, ambaye alikuwa na miaka sita na alijumlisha kitu chochote kilichokaa karibu na kingine, alijumlisha hizo njia zenyewe: moja na mbili na tatu na nne na sita. Akapata kumi na sita. Tata akacheka, akasema basi kumi na mbili amemwita kumi na sita, yaani amebeba jina lake, kama Wairimu alivyomwita nyanya yake. Tukataka kujua kumi na sita naye amemwita nani. Moja, mbili, nne, nane: kumi na tano. Na kumi na tano? Moja, tatu, tano: tisa. Mchana wote ukaishia hapo.

Nikafungua daftari. Upande wa kushoto niliandika nambari, upande wa kulia aliyeitwa nayo. Tulikutana na watu wa ajabu humo. Sita alijiita mwenyewe, maana moja na mbili na tatu ni sita. Nduta akasema huyo ana maringo. Nambari zisizogawanyika, kama saba na kumi na moja, zote zilimwita moja, kwa sababu hazikujua ila foleni. Moja akawa kama nyanya mwenye wana wengi, kila nyumba ina mtoto wa jina lake. Tulipofika ishirini na nane tukakuta naye amejiita mwenyewe, na Tata akatuletea chai kwa heshima ya jambo hilo.

Wakati huo mama yangu alikuwa mjamzito. Ndugu wengine wa baba walikuwa wamejaliwa wavulana wengi na mabinti wawili wawili. Hakuna aliyefika binti wa tatu. Hii ilikuwa zamu yetu. Watu waliokuja kuagiza viti walimtania Tata, wakimwambia kwamba safari hii anazaliwa, maana kwetu ukipata mtoto wa jina lako umezaliwa tena. Alimjibu kila mmoja kwamba yeye alishazaliwa mara moja na ilitosha. Lakini niliona kitu. Ndani ya sanduku la kamba za hema, chini kabisa, palikuwa na blanketi ndogo ya manjano, mpya, iliyokunjwa ndani ya gazeti. Hakuna mtu anayeweka blanketi mahali kama hapo isipokuwa anaificha. Nikaifunika tena kwa kamba. Mama mwema hasemi kila kitu anachojua kuhusu mwanawe.

Siku hiyo niligeuza daftari. Badala ya kuuliza kila nambari imemwita nani, nikauliza kila nambari imeitwa na nani. Tatu ameitwa na nne. Nne ameitwa na tisa. Saba ameitwa na nane, nane na kumi, tisa na kumi na tano. Kati ya nne na sita palibaki nafasi tupu. Hakuna aliyemwita tano. Mbili pia hakuwa na mtu, lakini mbili hakuwa wangu.

Nilimpelekea Tata daftari akiwa anafunga kamba.

"Kila namba iko na mtu wa kuiita, Mama," aliniambia. "Ya tano hujafika kwake tu. Endelea."

Alikosea, ila hakujua kwamba amekosea, na mimi nilimwamini. Nikajiwekea nadhiri bila kumwambia mtu: nikimpata anayemwita tano kabla mtoto hajazaliwa, mtoto atakuwa msichana. Sijui hadi leo nilitoa wapi sheria hiyo. Mtoto wa miaka tisa hatungi sheria, anaikuta imeshaandikwa.

Likizo ile nilifika mia moja. Nilipanga viti mpaka viganja vikanuka chuma, na vilipokuwa vimekwenda kwa watu nilipanga maharagwe sakafuni. Nduta alichoka tulipofika arubaini, akanishauri niandike uongo niende nikacheze. Baba, aliyekuwa fundi wa redio huko Parklands, aliniruka mlangoni kila jioni na kusema huyu atakuwa karani, jambo ambalo lilitimia. Mama alikaa ameweka miguu kwenye karai la maji akaniuliza ninatafuta nini humo ndani.

"Mtu wa Tata," nikasema.

Akaniambia kwamba aliye tumboni alishaamua mambo yake kitambo, na hakuna maharagwe yatakayombadilisha mawazo. Nilimsikitikia. Niliona kwamba haelewi hesabu.

Jibu lilinijia kwenye uwanja wa kanisa, siku ya shukrani za mwalimu mmoja aliyestaafu. Tata alikuwa ametuagiza tupange safu za viti vinne vinne. Nilizipanga kwa kipimo cha hatua, zikanyooka kama mstari wa daftari. Nilipogeuka nikamkuta Nduta amejifunga kipande cha turubai kichwani kama shela, anavisukuma viti vyangu, viwili huku na viwili kule, apate njia ya bibi harusi.

Nilimwambia ameharibu. Viti vilitakiwa kuwa vinne vinne.

"Sijaharibu," alisema bila kusimama. "Nne yako iko na mbili ndani. Mimi nimepita tu."

Nilisimama pale na kiti mkononi. Nitaiandika hesabu yenyewe polepole, kwa sababu ndiyo hesabu ya kwanza niliyoifikia kwa akili yangu, na bado sioni kosa ndani yake. Ili jumla iwe tano, moja lazima iwemo, maana foleni ya kiti kimoja kimoja inawezekana siku zote. Inabaki nne ya kutafutwa. Unaweza kuipata kwa moja na tatu, lakini moja imeshatumika. Unaweza kuipata kwa mbili na mbili, lakini njia moja haihesabiwi mara mbili. Inabaki nne yenyewe. Na Nduta alikuwa amenionyesha kwamba nne haiji peke yake: viti vikikubali kupangwa vinne vinne, bibi harusi anapita katikati na vimekubali viwili viwili. Moja na mbili na nne ni saba. Tano imerukwa. Haikuwa kwamba sijafika kwa mwenye kumwita tano. Mwenyewe hayuko. Ningepewa viti vyote vya Nairobi, bado hayuko.

Nikakaa kwenye nyasi nikalia.

Tata alikuja akiwa na nyundo ya kupigilia vigingi vya hema mkononi, akauliza ni nani amempiga mama yake. Nilimweleza kwa kwikwi. Hakuelewa, akanivuta nikamwonyeshe kwa viti. Nikavipanga vinane, vinne vinne, akapita katikati yeye mwenyewe, taratibu, na nyundo yake. Alipofika mwisho akageuka, akapita tena.

"Kwa hivyo si ati hatujatafuta," akasema.

"Tumetafuta, Tata."

"Na si makosa ya tano."

Nikafikiri. "Hapana. Ni makosa ya nne."

Alicheka mpaka akashika mlingoti wa hema. Aliponyamaza alijifuta macho kwa leso na kusema kwamba hakuna mtu aliyewahi kumtafutia kitu hadi akaimaliza dunia. Kisha akaniambia nipenge kamasi, wageni wanakuja, na akaenda kukaa kwenye kiti chake. Mimi sikufarijika hata kidogo. Nilijua kilichokuwa kinakuja.

Ilikuwa Jumatano. Baba alikuwa amempeleka mama hospitali Parklands tangu jana yake, na mimi na Nduta tulikuwa nyuma ya nyumba tunaosha viti kwa sabuni. Hapa nieleze desturi nyingine. Mtoto akizaliwa, wanawake wa kwetu hupiga vigelegele, na vina idadi: vitatu kwa msichana, vitano kwa mvulana. Majirani wanasikiliza kwa makini, mwiko ukiwa umesimama ndani ya sufuria, na kabla mtu hajafika kuuliza, mtaa mzima unajua. Tulisikia lango la Tata likigonga, tukasikia sauti ya baba, kidogo tu, maneno mawili matatu. Kisha Tata akaanza.

Kimoja. Viwili. Vitatu. Akavuta pumzi, na Nduta akanishika mkono uliojaa povu. Cha nne. Cha tano kilikuwa kirefu kuliko vyote. Hakikukatika, hakikutetemeka. Nadhani kilisikika ng'ambo ya barabara.

Nilikimbia mbele, nikiwa tayari kumfariji. Nilimkuta amemshika baba mikono yote miwili, anacheka kwa meno yote. Aliponiona aliita: "Mama, tumepata mtu wa kutubebea hema." Halafu akaenda kwenye sanduku la kamba, akatoa ile blanketi ya manjano, akaikung'uta gazeti na kumpa baba apeleke hospitali. Baba aliuliza aliinunua lini. Tata alimjibu kwamba mtoto hana haja ya kujua hayo.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba ni mimi niliyemfanya ndugu yangu awe mvulana, kwa kuthibitisha jambo ambalo heri ningeliacha. Siku moja tuligombana nikamwambia. Alifikiri kidogo, akanishukuru.

Shule yangu iliishia kidato cha nne. Nilipata ukarani katikati ya jiji, na saa ya chakula cha mchana nilikuwa nakwenda maktaba na kukaa na vitabu vya hisabati, kimoja baada ya kingine, kwa mpangilio wa rafu, nilivyovielewa na nisivyovielewa. Ndani ya kimojawapo nilikuta daftari langu. Mtu alikuwa amechukua kila nambari, akajumlisha vigawanyo vyake bila kuihesabu yenyewe, na akauliza ni nambari gani hazipatikani kwa njia hiyo. Ziliitwa nambari zisizoguswa. Mbili. Tano. Hamsini na mbili. Themanini na nane. Orodha haina mwisho, na hilo limethibitishwa. Lakini kati yake zote, tano ndiyo witiri pekee inayojulikana. Wataalamu wanaamini hakuna nyingine, ila mpaka leo hakuna aliyeweza kulithibitisha. Nimejaribu mwenyewe Jumamosi nyingi. Sina aibu kusema sijafika popote.

Siku niliyoisoma nilitafuta kibanda cha simu nikampigia Tata kwenye duka la jirani yake. Nilimwambia kwamba tano hayuko peke yake, ana wenzake wasioitwa na mtu, na hawahesabiki.

"Hawahesabiki?" akasema. "Na watataka viti vingapi?"

Baadaye niliolewa na Mutua, ambaye kwao ni Machakos. Viti vya harusi vilikuwa vya Tata, vimepangwa vinne vinne, na mimi nikapita katikati. Alipozaliwa binti yetu wa kwanza, foleni ilikuwa wazi: jina ni la mama mkwe wangu, Mwikali. Alikuja hospitali na chupa ya uji, akamshika mtoto, akamtazama masikio na vidole. Nilikuwa nimeshajiandaa kumwita mwanangu Mwikali, na kwa furaha, maana nilimpenda yule mama. Yeye akaniuliza swali ambalo sikulitarajia. Aliuliza kuhusu shangazi yangu, yule wa viti, ameitwa na nani.

Nikamwambia hakuna.

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna, Mama."

Alimlaza mtoto begani. "Mimi nimeitwa mara nne. Nikisema Mwikali pale nyumbani, wanageuka watoto wanne na mbuzi mmoja. Hii jina yangu imechoka. Huyu mpelekee yule."

Nilitaka kusema kwamba haiwezekani, kwamba hili nililishughulikia nikiwa na miaka tisa na jibu lake lilikuwa kamili. Nilifungua mdomo kabisa. Kisha nikaona kwamba nilikuwa nimethibitisha kuhusu viti tu.

Tulimpeleka Kinoo baada ya siku chache. Tata alikuwa amekaa kwenye kiti chake uani, anashona turubai kwa sindano kubwa. Niliweka mtoto mapajani mwake nikamwambia huyu ni Gaciku. Aliniomba nirudie. Nikarudia. Alinirudishia mtoto, akachomeka sindano kwenye turubai ili isimchome mtu, akatembea mpaka langoni na kusimama akitazama barabara.

Akapiga vigelegele vitatu. Akavuta pumzi. Halafu akapiga cha nne, na cha tano, kirefu.

Jirani alifika haraka na soksi za bluu mkononi, akiuliza kijana yuko wapi. Tata alimwambia ni msichana. Jirani akasema yeye amehesabu vitano kwa masikio yake mwenyewe.

"Tatu ni za mtoto," Tata akasema. "Mbili nimejipigia."

Sasa amefunga kazi. Magoti yamekataa, na viti vya chuma havina wateja tena. Mia moja tisini na tisa vimekwenda kwa mnunuzi mmoja wa vyuma. Huyu kijana wa bodaboda aliyeniletea cha mwisho alisubiri nimalize kunusa, kisha akasema ana shida. Aliyemtuma anaitwa Gaciku, na amemwambia kiti akabidhiwe Gaciku, mkononi, si mtu mwingine. Hakuelewa kama anatakiwa kukirudisha.

Nilimwambia asiende. Nikainua kichwa nikaita kuelekea dirisha la ghorofa ya pili, kama ninavyomwita tangu azaliwe:

"Tata, kuja uchukue kiti yako."

Kijana alisogeza pikipiki kando, ampishe mzee. Akashuka msichana wa miaka kumi na sita, miguu peku, akakifungua kile kiti kwa mkono mmoja bila kubanwa kidole, akakikalia.